Kumnywa, Kumnywea, Kumnywesha: Historia ya Kutafuta Maana za Vitenzi katika Lugha Kongwe za Anatolia

Utangulizi

Katika mabamba ya udongo yaliyofukuliwa Boğazköy, mahali palipokuwa Hattusa, mji mkuu wa dola ya Wahiti katika Uturuki ya leo, mna maelezo mengi ya sherehe za kidini. Mfalme na malkia huketi au husimama. Mnyweshaji huleta kikombe, vinubi hupigwa, mwimbaji huimba, mkate humegwa. Kisha hufuata sentensi fupi ambayo imewashughulisha wataalamu kwa zaidi ya nusu karne: mfalme na malkia "wanamnywa" mungu wa dhoruba. Kitenzi chenyewe ni eku-, na maana yake ya msingi, yaani kunywa, haina ubishi. Linalosumbua ni kwamba jina la mungu limewekwa katika hali ya shamirisho, pale pale ambapo kwa kawaida huwekwa maji, divai au pombe.

Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wa uzamili niliyekuwa nikimsimamia alijenga sura nzima ya tasnifu yake juu ya sentensi hiyo, aliyoikuta katika tafsiri. Alidai kwamba Wahiti, zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Ukristo, walikuwa na mlo mtakatifu ambamo mwabudu humpokea mungu wake mwilini. Nilimwandikia pembeni mwa ukurasa kwamba hilo ni kosa la mfasiri, kwani bila shaka lililokusudiwa ni "kumnywea" mungu, yaani kunywa kwa heshima yake. Nilijibu kwa haraka. Nilipokwenda kutafuta ushahidi wa kuliunga mkono jibu langu, niligundua kwamba nami nilikuwa nimechagua tafsiri moja miongoni mwa kadhaa, na kwamba nilikuwa nimeichagua kwa sababu ilinipendeza.

Makala haya ni matokeo ya uchunguzi huo. Yanakusudia kufuatilia, kwa muhtasari, jinsi wataalamu walivyozipata maana za vitenzi katika Kihiti na lugha zilizohusiana nacho, kuanzia mwaka 1902 hadi siku hizi. Hoja yetu ni kwamba maana ya kitenzi cha lugha iliyokufa huthibitishwa na majirani zake, yaani maneno yanayoandamana nacho katika sentensi na aina ya matini kinamotokea. Ukoo wa neno ni shahidi wa pili tu. Kwa sababu hiyo, mhakiki anayeitegemea tafsiri hana budi kujua kwamba anachokisoma ni hitimisho la mjadala, na huenda mjadala huo haujafungwa.

Salamu za Barua

Mwaka 1887 yaligunduliwa huko Tell el-Amarna, Misri, mabamba ya barua ambazo mafarao wa karne ya 14 K.K. waliandikiana na wafalme wa nchi nyingine. Nyingi zimeandikwa kwa Kiakadi, lugha ya Mesopotamia iliyotumika katika diplomasia ya wakati huo, nayo ilikuwa imekwisha kufahamika. Mbili, hata hivyo, zilikuwa katika lugha isiyojulikana. Moja ilitoka kwa Amenhotep III kwenda kwa Tarhundaradu, mfalme wa Arzawa katika Anatolia ya magharibi.

Ni muhimu kuielewa hali ya msomaji wa wakati ule. Mwandiko haukuwa fumbo. Barua hizi ziliandikwa kwa hati ya kikabari ile ile ya Kiakadi, na kwa hiyo sauti za alama zilijulikana. Hali hiyo ni kama ya mtoto wa madrasa ambaye huweza kuusoma ukurasa wa Kiarabu kwa ufasaha bila ya kuelewa maana ya aya aliyoisoma. Sauti ipo, maana haipo.

Mtaalamu wa Kinorwe, J. A. Knudtzon, alipozichapisha barua hizo mbili mwaka 1902, aliingia kupitia mlango wa salamu. Barua za Amarna zilizo katika Kiakadi zina utaratibu thabiti wa ufunguzi: mwandishi husema kwamba yeye, nyumba zake, wake zake, watoto wake na farasi wake ni wazima, kisha humtakia mwenzake hali hiyo hiyo. Msomaji wa Kiswahili hatashangaa, maana nasi tunazo barua ambazo aya yake ya kwanza huweza kukisiwa kabla ya bahasha kufunguliwa. Mahali ambapo salamu hudai "na kwako na kuwe kuzuri," Knudtzon alilikuta neno estu. Kutokana na mahali lilipokaa, lilipasa kumaanisha "na iwe." Baada ya hapo ndipo alipoona kwamba neno hilo lafanana na esto ya Kilatini na ya Kiyunani, yenye maana hiyo hiyo, akapendekeza kwamba lugha ya Arzawa ni ya jamii ya Kihindi-Kiulaya. Wengi walimpinga. Hata hivyo, mpangilio wa hoja yake ulikuwa sahihi: utanzu wa matini ulimpa maana, na mfanano wa sauti ukaja baadaye kuithibitisha. Wengi waliomfuata waliugeuza mpangilio huo, na kwa kufanya hivyo wakapotea.

Mkate na Maji

Uchimbaji wa Boğazköy ulianza mwaka 1906 chini ya Hugo Winckler, akishirikiana na Theodor Makridi, na kufikia mwaka 1912 yalikuwa yamepatikana maelfu ya mabamba na vipande. Lugha ya mengi kati ya hayo ilionekana kuwa ile ile ya barua za Arzawa. Kazi ya kuyasoma ilimwangukia, miongoni mwa wengine, Bedřich Hrozný, mwanazuoni wa Kicheki aliyezaliwa mwaka 1879. Tarehe 24 Novemba 1915 alitoa mhadhara mjini Berlin akatangaza kwamba Kihiti ni lugha ya Kihindi-Kiulaya. Kitabu chake kuhusu muundo wa lugha hiyo kilitoka mwaka 1917.

Mfano ulioipatia hoja yake umaarufu ni sentensi yenye vitenzi viwili, ezzatteni na ekutteni. Waandishi wa Kihiti walikuwa na desturi ya kuchanganya maneno yaliyoandikwa kwa silabi na alama-neno za Kisumeri, yaani alama moja inayosimamia neno zima. Alama-neno hudokeza maana lakini huficha matamshi ya Kihiti. Katika sentensi hiyo, mbele ya kitenzi cha kwanza kuna alama NINDA, ambayo kila msomaji wa kikabari aliijua kuwa ni mkate. Mbele ya kitenzi cha pili kuna neno watar.

Hebu tuutenganishe ushahidi. Mkate hufanywa nini? Huweza kuokwa, kumegwa, kutolewa sadaka au kuliwa. NINDA peke yake haitoshi, lakini ezza- inafanana na edo ya Kilatini na essen ya Kijerumani, na mambo hayo mawili kwa pamoja yanaelekea kwenye kula. Neno watar kwa upande wake lafanana mno na maneno ya Kiingereza na Kijerumani yenye maana ya maji. Vitenzi vyote viwili vina mwisho mmoja, -tteni, ambao ni alama ya nafsi ya pili wingi. Kwa hiyo sentensi ina miguu miwili iliyolingana: mkate mtakula, na maji "mta-" jambo fulani. Kitenzi eku- kilipata maana yake kutokana na usambamba huo, kama vile msikilizaji wa methali anavyoweza kuukisia upande wa pili pindi asikiapo upande wa kwanza.

Hrozný alikihusisha kitenzi hicho pia na aqua ya Kilatini, maji. Uhusiano huo baadaye ulitiliwa shaka, na wataalamu wakatafuta ndugu zake kwingineko. Lakini maana ya kunywa haikutikisika hata kidogo, kwa kuwa haikuwa imesimama juu ya aqua. Ushahidi mmoja ulianguka na maana ikabaki, na mambo ya namna hii tutayaona tena mbele.

Ukoo wa Neno na Ujirani wa Neno

Mafanikio yale yalileta tamaa. Baada ya Kihiti kujulikana kuwa ndugu wa Kilatini, Kiyunani na Kisanskriti, kila kitenzi kigeni kiliweza kutafutiwa jamaa katika kamusi za lugha hizo na kupewa maana ya jamaa huyo. Hrozný mwenyewe hakuepukana na kishawishi hicho. Ubaya wa njia hii wasomaji wetu wa Kenya wanaweza kuupima nyumbani. Mtu ajuaye Kiswahili tu, akikutana na kitenzi kwenda katika matini ya Kikikuyu, angeapa kwamba mhusika yuko safarini, ilhali mhusika anapenda. Lugha hizi mbili ni za jamii moja, neno moja lafanana na jingine herufi kwa herufi, na bado msafiri ni mpenzi.

Waliosahihisha mwelekeo huo walikuwa wanafilolojia wa Kijerumani wa miaka ya 1920, hasa Ferdinand Sommer, ambaye mwaka 1924 alitoa pamoja na Hans Ehelolf toleo la matini ya kafara ya Papanikri wa Komana. Msimamo wao ulikuwa mkali: kusanya kila mahali kitenzi kinapotokea, angalia kiima chake ni nani, shamirisho lake ni nini, kinaandamana na vielezi gani, na usiseme neno juu ya ukoo wake hadi utakapokuwa umemaliza kazi hiyo.

Mabamba yenyewe yalitoa misaada mitatu. Kwanza, sherehe na kafara nyingi zilinakiliwa mara kadhaa, na mara nyingine mwandishi mmoja aliandika alama-neno ya Kisumeri mahali ambapo mwenzake aliandika neno la Kihiti kwa silabi. Nakala hizo mbili zikiwekwa bega kwa bega, moja huwa kamusi ya nyingine. Pili, shule za waandishi wa Hattusa zilikuwa na orodha za msamiati katika safu za Kisumeri, Kiakadi na Kihiti. Vipande vya orodha hizo vilichapishwa na Friedrich Delitzsch mwaka 1914, kabla hata ya mhadhara wa Hrozný. Tatu, baadhi ya matini za kifalme zilitungwa katika Kiakadi na Kihiti kwa pamoja, kama vile kumbukumbu za vita vya Hattusili I, ambazo bamba lake la Kiakadi lilipatikana mwaka 1957.

Hata kwa misaada hiyo, vitenzi viliendelea kuwatega wasomaji. Umbo harkanzi laweza kuwa "wanashika, wanacho," na laweza pia kuwa "wanaangamia," kwa kuwa vitenzi viwili tofauti hukutana katika nafsi ya tatu wingi. Katika nafsi ya tatu umoja hutengana, na ni mfasiri mwangalifu tu atakayekwenda kutazama huko. Kitenzi huek- nacho kina maana mbili: kuchinja mnyama, na kumganga mtu kwa maneno yenye nguvu. Katika matini ya kafara mganga yupo, mnyama yupo, na mgonjwa yupo. Ni shamirisho pekee linaloamua ni nani anayechinjwa na nani anayegangwa, na bamba likivunjika mahali pa shamirisho, hapana wa kuamua.

Wanaosoma miswada ya kale ya Kiswahili katika hati za Kiarabu wanalijua tatizo hili. Irabu ya kasra ilisimama kwa "i" na pia kwa "e," na katika miswada mingi herufi moja ilisimama kwa "b" na kwa "p." Basi umbo moja likawa penda au pinda, na msomaji akalazimika kuuliza mizani, vina na maudhui ya ubeti. Hakuna mhariri wa tenzi anayeamua kwa kutazama ukoo wa Kibantu wa neno kabla ya kuusoma ubeti mzima.

Kazi ya kukusanya matukio yote ndiyo iliyozaa kamusi kubwa. Johannes Friedrich alitoa kamusi yake mwaka 1952. Chuo Kikuu cha Chicago kilianza mradi wake katika miaka ya 1970, chini ya Hans G. Güterbock na Harry A. Hoffner, na sehemu ya kwanza ilitoka mwaka 1980. Jambo la kuzingatia ni kwamba ilianza na herufi L, kwa sababu Ujerumani tayari kulikuwa na mradi mwingine ulioanza na A. Kamusi ya aina hii haimpi msomaji maana tu. Humpa pia mifano inayoitegemeza, na humwonyesha mahali ambapo mifano hiyo inakatika.

Mashahidi wa Lugha Mbili

Mtu aweza kudhani kwamba ikipatikana matini ya lugha mbili mjadala huisha. Historia ya lugha nyingine za Anatolia inaonyesha kwamba shahidi huyu ana nguvu, lakini naye ana tabia zake.

Kiluwi, ndugu wa karibu wa Kihiti, kiliandikwa pia kwa hati ya picha zilizochongwa katika mawe. Mwaka 1946 Helmuth Bossert na Halet Çambel walifika Karatepe, kusini mwa Uturuki, palipokuwa na maandishi marefu katika Kiluwi na Kifoinike. Mwenye maandishi hayo, Azatiwada, anajisifu kwamba mungu alimfanya kuwa mama na baba wa watu wa Adana. Kitenzi cha "kufanya" kilitambulikana mara moja, kwa kuwa cha Kifoinike kilijulikana. Katika matamshi ya wakati ule kilisomwa aia-, na usomaji huo ulipendeza kwa sababu Kiluwi cha kikabari kina kitenzi cha kufanana nacho chenye maana hiyo. Miaka ya 1973 na 1974, J. D. Hawkins, Anna Morpurgo Davies na Günter Neumann walionyesha kwamba alama kadhaa za hati hiyo zilikuwa zimepewa sauti zisizo zake. Sehemu ya ushahidi ilitoka katika mitungi ya Altıntepe, iliyoandikwa majina ya vipimo ambayo yalijulikana kutoka lugha ya Urartu. Kitenzi chetu sasa kikawa izi-. Mfanano uliopendeza ukayeyuka, na maana ya kufanya ikabaki mahali pake, kama ilivyobaki ya eku- baada ya aqua kuondoka. Kilichokuwa kimeishikilia ni Kifoinike kilichokaa kando yake.

Huko Lisia, pwani ya kusini-magharibi, maandishi mengi ya karne ya 5 na ya 4 K.K. yako juu ya makaburi yaliyochongwa miambani, na fomula yake hurudiwa: kaburi hili, fulani ndiye aliyeli-prnnawa-. Baadhi yana Kiyunani pembeni, na hapo hutumika kitenzi cha kawaida chenye maana ya kutengeneza. Mfasiri anayeridhika na Kiyunani ataandika "alitengeneza." Lakini kitenzi cha Kilisia kimejengwa juu ya shina la neno la nyumba, ambalo katika Kihiti ni parn-. Mlisia anasema kwamba amejenga, na anachokijenga kina harufu ya nyumba. Makaburi yenyewe yaunga mkono, maana mengi yamechongwa kwa kuigiza boriti na milango ya nyumba za mbao. Kiyunani kilitupa kazi ya kitenzi, hakikutupa taswira yake. Kwa mhakiki wa fasihi tofauti hiyo si ndogo.

Fomula za laana katika makaburi hayo hayo zinaonyesha mpaka wa ujuzi. Anayelidhuru kaburi, mungu "ata-tub-" yeye. Nafasi ya kitenzi ni nafasi ya adhabu, na Kiluwi kina kitenzi cha kupiga kinachofanana nacho, kwa hiyo hufasiriwa "atampiga." Atapigwa kwa radi, kwa maradhi au kwa hasara? Fomula haisemi. Jiwe la lugha tatu lililopatikana Letoon mwaka 1973, la Kilisia, Kiyunani na Kiaramu, liliongeza ujuzi wa vitenzi vingi, lakini hata hapo kila lugha iliitunga habari kwa desturi yake.

Kitenzi na Utanzu

Mfano ulio karibu zaidi na kazi za idara kama yetu unahusu dua. Kwa muda mrefu maombi ya wafalme wa Wahiti yalikusanywa chini ya jina moja, "sala," na vitenzi vyake vikafasiriwa kwa neno moja, "kuomba." Mwaka 1964 Emmanuel Laroche alichapisha uchunguzi wa msamiati huo, akaonyesha kwamba Wahiti walitofautisha mambo ambayo tafsiri ilikuwa imeyachanganya.

Kitenzi arkuwai-, na nomino yake arkuwar, huandamana na lugha ya kesi. Anayefanya arkuwar ameshtakiwa, naye hujieleza, hutoa sababu, na hukiri pale anapotakiwa kukiri. Tukiisoma kwa maana hiyo dua ya Mursili II kuhusu tauni, iliyotungwa mwishoni mwa karne ya 14 K.K., sura yake hubadilika. Tauni ilikuwa imeiua nchi kwa takriban miaka 20. Mfalme anasimulia jinsi baba yake, Suppiluliuma, alivyouvunja mkataba kwa kuishambulia Amka iliyokuwa chini ya Misri, na jinsi mateka walivyouleta ugonjwa. Anakubali kwamba kosa la baba humfikia mwana. Anataja mtumwa anayekiri mbele ya bwana wake naye bwana akatulia. Anawakumbusha miungu kwamba waoka mikate ya sadaka nao wanakufa, basi nani atawapa? Msomaji aliyeambiwa kwamba hii ni "sala" atasikia unyonge. Msomaji aliyeambiwa kwamba ni utetezi atasikia mtu aliyepanga hoja zake kwa mpango, akianza na maelezo ya kesi, akafuata na ungamo, akamaliza na faida ya mshtaki mwenyewe. Maneno ni yale yale. Kilichobadilika ni maana ya kitenzi kimoja kinachoupa utanzu jina.

Kitenzi mugai- ni kingine. Nacho kilizoea kufasiriwa "kuomba," lakini hutumika hasa pale mungu anapokuwa ameondoka kwa hasira na inabidi avutwe arudi. Kisa cha Telipinu ni cha aina hiyo: mungu huyo alipotoweka, moshi uliyajaza madirisha, kondoo akamkataa mwanawe, ng'ombe akamkataa ndama, na hatimaye nyuki akatumwa kumtafuta. Tendo la matini hiyo ni mugawar. Wako waliokihusisha kitenzi hiki na mugire ya Kilatini, kulia kama ng'ombe. Huenda ni kweli na huenda si kweli, lakini kisa hakihitaji ukoo huo. Ujirani wa kitenzi, yaani mungu aliyekasirika, vitu vitamu vilivyotandikwa njiani na maneno ya kumlainisha, unatosha kutuonyesha kwamba Kiswahili chake ni "kumbembeleza arudi," na kwamba kukiita "kuomba" ni kukinyima miguu.

Turejee Kikombeni

Sasa tunaweza kulirudia swali tuliloanza nalo. Kuhusu sentensi ya kumnywa mungu pamekuwa na maelezo makuu matatu, na ni ajabu kwamba Kiswahili, kwa viambishi vyake, huyapanga yote katika mstari mmoja.

La kwanza ni kunywesha: mfalme humpa mungu kinywaji. Maelezo haya yanapatana na picha ya sadaka ya kimiminika, lakini yanakabiliwa na kikwazo. Kihiti kilikuwa na njia yake ya kusema hivyo, akuwanna pai-, yaani "kumpa anywe," na njia hiyo hutokea mara nyingi katika matini za aina hiyo hiyo. Haielekei kwamba waandishi waliokuwa na usemi ulio wazi wangetumia eku- tupu kwa maana hiyo.

La pili ni kunywea: kunywa kwa heshima ya mungu. Mwaka 1957 Jaan Puhvel alichukua upande huu, akapinga waziwazi wale waliokuwa wakiona humo ushirika wa meza takatifu. Mwaka 1981 Craig Melchert alilieleza shamirisho hilo kuwa zao la mabadiliko ya kisintaksia, na kwa hiyo si ushahidi wa imani yoyote ya kumnywa mungu. Upande huu nilikuwa nimesimama bila ya kujua. Udhaifu wake ni kwamba Kihiti kina hali ya kisarufi ya kumwonyesha anayefanyiwa jambo, na ni lazima tueleze kwa nini haikutumika.

La tatu ni kunywa: kuichukua sarufi kama ilivyo. Güterbock, ambaye alikuwa ameyasoma mabamba hayo kwa zaidi ya miaka 50, alilirudia suala hili katika mkutano wa wataalamu mjini Istanbul mwaka 1987, katika makala yaliyochapishwa mwaka 1998, na akasisitiza kwamba maneno yasema "kumnywa mungu" na hayasemi kitu kingine.

Lakini kuikubali sarufi si kuikubali teolojia. Matini hizo hizo hutaja vikombe vyenye umbo la mnyama, na vikombe hivyo vilihusishwa na miungu. Kikombe cha fedha chenye umbo la paa dume kilichomo katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, ni mfano mashuhuri wa ufundi huo. Nasi husema mtu amekunywa vikombe viwili, na hakuna anayedhani kwamba amemeza udongo. Yamkini mungu amechukua nafasi ya kinywaji chake au ya chombo chake, kwa metonimia ambayo kila msikilizaji wa Hattusa aliielewa. Yamkini pia palikuwa na zaidi ya hapo. Kinachokosekana, na ndicho ambacho mwanafunzi wangu alikihitaji, ni matini inayosema kwamba mungu yumo ndani ya kinywaji au kwamba anayekunywa hupata sehemu ya uungu. Bila ya matini hiyo, shamirisho moja haliwezi kuubeba mlo mtakatifu mzima.

Hitimisho

Mwanafunzi huyo aliiandika upya sura yake. Nami nilifuta maneno yangu ya pembeni, kwa kuwa yalikuwa na kosa lile lile kama la kwake: sote wawili tulikuwa tumeipa tafsiri heshima inayostahili matini. Katika tafsiri ya Kiswahili aliyoiambatisha aliacha "wanamnywa," pamoja na maelezo. Naona alifanya vyema. Kiambishi "-m-" kinamshtua msomaji, na mshtuko huo ni wa haki, kwa sababu Kihiti nacho kinashtua. "Wanamnywea" ingemtuliza kabla ya wakati.

Kazi hii haijaisha. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba katika bamba moja la Boğazköy, ndani ya kafara iliyoandikwa kwa Kihiti, mmepatikana kifungu katika lugha isiyojulikana hapo kabla, lugha ya nchi ya Kalasma, nayo ikatambuliwa kuwa ya jamii ya Anatolia. Vitenzi vyake sasa vinatazamwa na watu walio katika hali ya Knudtzon mwaka 1902: sauti ipo, maana haipo. Watashawishika kukimbilia Kihiti na Kiluwi, ndugu walio karibu, na kuchukua maana huko. Historia tuliyoipitia inawashauri wakae kwanza na kafara yenyewe, waone ni nani anayetenda, kitu gani kimeshikwa mkononi, na tendo gani lilitangulia. Shauri hilo latuhusu na sisi tunaohakiki kwa kutegemea kazi yao. Kila tunapoona hoja kubwa imejengwa juu ya kitenzi kimoja cha tafsiri, na tuulize kwanza kitenzi hicho kilikuwa na majirani gani.